Butembo–Beni: Carina ilipewa piesi mpya, ralanti ikakataa kutulia

Ilikuwa saa 12 na robo ya jioni kwenye barie moja ya njia ya kutoka Beni kwenda Butembo. Carina ya rangi ya majivu ilikuwa ya nne kwenye mstari, na abiria 6 ndani pamoja na bidoni 3 za mafuta ya ngazi nyuma. Kila mara mstari uliposogea shofa aliondoa mguu kwenye akseleratere, na kila mara moteri ilizimika. Akiwasha tena, inaitika. Akiwasha na taa, inakufa. Mara ya tano batri ilikuwa imechoka. Abiria wawili wakashuka kusukuma, na askari aliyekuwa upande wa pili wa kamba akawamulika kwa tochi: gari gani hii inakuja katika giza, bila taa, ikisukumwa na watu?

Hakuna aliyeumia. Shofa alinyoosha mikono, akaonyesha karatasi zake, askari akacheka kidogo kisha akawaacha wapite. Lakini mkaaji yeyote wa eneo hili anajua kwa nini wale abiria hawakucheka. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wanauawa katika vijiji na mashamba ya eneo la Beni, na tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi. Hapa gari inayozimika jioni haiwezi kuwa jambo la fundi peke yake. Mama mmoja mwenye bidoni alilipa nauli yake yote, akamwambia shofa kwa sauti ya chini: «Baba, mimi gari hii sipande tena.»

Jina la shofa halitajwi hapa kwa sababu bado anakula kwa usukani. Ni baba wa watoto 4, ana miaka karibu 20 kwenye njia hii. Gari si yake. Ni ya mama mmoja muuguzi wa Butembo, aliyeinunua kwa akiba yake na zamu yake ya likilimba. Kila jioni shofa anapaswa kumletea feza waliyopatana. Ikibaki kitu kisha kutoa mafuta na barie, ndicho cha watoto. Kwa juma mbili zilizotangulia jioni ile, mara nyingi hakikubaki kitu.

Yote ilianza na piesi mpya.

Carina hiyo ina moteri ya Toyota ya lita moja na nusu, ile 5A-FE inayojulikana na kila fundi kutoka Kasindi mpaka Lubero kwa sababu ni rahisi na haikatai kazi. Juu ya moteri, kati ya tiyo kubwa ya filtere ya hewa na bomba za kuingiza hewa, kuna kipande cha aluminiamu chenye kifuniko cha duara ndani. Ukikanyaga, kabulu inavuta, kifuniko kinafunguka na hewa inaingia. Mafundi wanakiita papiyo. Ukiondoa mguu, kifuniko kinafunga kabisa, na hewa kidogo ya kuishi moteri inapita katika njia ya pembeni, ambayo mlango wake unafunguliwa na kufungwa na kompyuta ya gari. Ile hewa kidogo ndiyo ralanti. Kwa moteri hiyo ikiwa moto, inapaswa kuzunguka kama mara 700 hadi 800 kwa dakika, bila kelele, hata mtu akiwa nje anauliza kama imewashwa.

Papiyo ya zamani ilikuwa imechoka. Mhimili wa kile kifuniko ulikuwa unacheza ukishikwa kwa vidole, na hewa ilikuwa inapita pembeni. Fundi wa garaji moja ya Butembo alishauri kubadilisha, na hapo alisema kweli. Shofa akazunguka maduka ya piesi. Ya orijine ya okazyo haikupatikana. Ile iliyopatikana ilikuwa adaptabule, mpya, katika karatoni nyeupe isiyo na jina, kwa dola 45. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa kwenda mpaka Dubai na Guangzhou kutafuta mali, na vitu vyao vingi vinapita Kampala na mpaka wa Kasindi. Sasa ukisema adaptabule, mtu anakunja uso, anasema «ni ya Shinwa ile». Hiyo ni haraka. Nusu ya magari yanayotembea katika muji huu yangelala bila piesi hizo, na nyingi zinafanya kazi yake vizuri. Shida yake ni nyingine, na itaonekana.

Siku mbili za kwanza gari ilikwenda kama mpya. Mama mwenye gari aliambiwa, akashukuru. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa kuingia Beni, ralanti ikaanza kucheza. Gari imesimama, mguu hauko kwenye kanyagio, lakini sindano inapanda mpaka 1 800, inaanguka mpaka 1 000, inapanda tena, na moteri inalia kama mtu anayefukuza mbuzi.

Shofa alifanya kile ambacho kila shofa angefanya: alisimama kwa fundi wa karibu. Fundi wa Beni alisikiliza, akasema hewa inaingia nyingi. Alikuwa na haki. Lakini hakuuliza inaingia wapi. Alifungua, akakata kipande cha chemba ya baisikeli, akaziba ile njia ya pembeni ya ralanti. Sindano ikashuka, ikatulia kwa 900. Akalipwa, akapewa mkono.

Asubuhi iliyofuata huko Butembo, saa 11 na nusu, gari haikukubali kubaki hai. Moteri baridi inahitaji hewa zaidi mpaka ipate joto, na njia ya kuileta ilikuwa imezibwa. Fundi wa Butembo, ambaye hakujua habari ya chemba ya baisikeli, akakamata visi ndogo inayoshikilia kifuniko cha papiyo na kukizuia kisikwame. Akaikaza mara mbili na nusu. Kifuniko kikabaki wazi kidogo, moteri ikapumua. Tena akalipwa.

Tangu siku hiyo gari ikawa na tabia mbili. Ikishuka Beni, mafundi wa Beni wanalegeza ile visi. Ikipanda Butembo, mafundi wa Butembo wanaikaza. Kila upande ulisema upande mwingine hawajui kazi. Na kila upande ulitoa sababu ileile: mwinuko. Butembo iko juu kupita mita 1 700, Beni iko chini yake kwa mamia ya mita, na hewa inapungua karibu sehemu moja kwa mia kila ukipanda mita 100.

Hapa pana jambo la kusimamia kidogo, maana sababu hiyo si uongo. Wakati wa karbiratere ilikuwa kweli kabisa. Gari iliyopimwa Beni ikifika Butembo ilikuwa inameza mafuta kupita hewa, inatoa moshi mweusi na kusinzia, na fundi alipaswa kugeuza visi. Mafundi wengi wa leo walifunzwa na wazee wa wakati ule, nao walifunzwa vizuri. Lakini moteri ya injekisheni kama ile ya Carina ina kaptere inayopima mvuto wa hewa ndani ya bomba, na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe bila kuombwa. Haihitaji bisibisi ya mtu kila kilometa 54. Ile elimu ya zamani, ambayo iliokoa magari mengi, ndiyo iliyoigeuza visi hii mpaka kichwa chake kikaanza kulika.

Kisha ikaja jioni ya barie.

Kesho yake mama mwenye gari alimuita shofa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: piesi ya zamani iko wapi? Swali hilo katika muji wetu lina maana yake. Kuna mashofa wanaouzisha piesi ya orijine na kuweka ya bei ndogo, kisha wanaleta fakitire. Kuna na mafundi wanaofanya vile bila shofa kujua. Mama alikuwa amesikia habari nyingi za namna hiyo kwa wenzake wa likilimba.

«Mama, sikuuzisha piesi yako,» shofa alijibu. «Iliachwa kwa garaji.»

«Basi iletwe. Kama haionekani mpaka siku ya posho, uniachie funguo. Sitakufunga, lakini uniachie funguo.»

Ilikuwa siku ya tatu. Shofa alikwenda garaji ile ya kwanza. Patroni aliita kijana anayejifunza kazi pale, mwenye miaka 17 hivi, ndiye aliyefungua papiyo siku ile. Kijana akatazama chini. Akasema pengine ilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Patroni akamwambia mbele ya watu wote kwamba mwizi wa leo wa aluminiamu ni mwizi wa kesho wa moteri, na asirudi kazini bila ile piesi. Shofa mwenyewe anakubali leo kwamba alifurahi kusikia vile, kwa kuwa sasa mwizi alikuwa mtu mwingine. Anakubali pia kwamba furaha hiyo haikumfikisha mbali: hata mwizi akipatikana, gari ingeendelea kuzimika.

Siku ya nne jioni, shofa mwenzake alimpeleka kwa muzee mmoja anayetengeneza magari nyuma ya nyumba yake, chini ya miti ya kalipitusi, karibu na njia ya kwenda Rughenda. Muzee huyo alianza kazi kwa Peugeot 404 na Land Rover, akajifunza injekisheni akiwa tayari na mvi. Hana skanere. Ana kipande cha waya.

Hakufungua boneti mara moja. Alikaa juu ya kirimu ya gurudumu, akauliza: «Ugonjwa ulianza kisha kugusa nini? Na kisha pale, nani aligusa nini? Unieleze yote, hata kile unachoona haya.»

Shofa akahesabu: papiyo mpya, jwe mpya ya karatasi, tiyo za hewa, tiyo mbili za maji ya radiatere zinazopita chini ya papiyo, kabulu. Kisha Beni, kile kipande cha chemba, ambacho alikiona kwa macho lakini hakukitaja kwa fundi yeyote, akifikiri si kazi yake kusema. Kisha visi, ambayo hajui tena imegeuzwa mara ngapi.

Muzee akafungua kisanduku kidogo cha plastiki kando ya moteri, akaunganisha kwa waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, akageuza ufunguo bila kuwasha moteri. Taa ya moteri kwenye tabulo ikaanza kuwaka na kuzima: mara 5, ikapumzika, mara 1. Muzee akacheka. «Komputa inasema wewe ungali unakanyaga.»

Ndivyo ilivyo kwa Toyota za miaka ile. Namba 51 ikitoka wakati wa kupima, na klimatizasyo imezimwa (ya gari hii ilikufa zamani), maana yake kompyuta haioni ishara ya kwamba mguu umeondoka. Kwa sababu visi ilikuwa imeshikilia kifuniko wazi, kitufe kidogo cha ralanti ndani ya kaptere ya papiyo hakikubonyezwa. Kompyuta ikaamini kwamba shofa anakanyaga, ikaacha kusimamia ralanti. Ndiyo sababu taa zilipowashwa na altanateri ikawa nzito, hakuna aliyekuja kuisaidia moteri. Ikazimika. Ile jioni ya barie yote ilikuwa katika visi moja.

Muzee akailegeza polepole mpaka kifuniko kikafunga na visi ikagusa tu. Akatoa na chemba ya baisikeli. Sasa taa ilikuwa inawaka na kuzima sawasawa bila kupumzika, ndiyo kusema kompyuta haioni kosa tena. Shofa akafurahi. Wakawasha. Moteri ikapata joto, na sindano ikapanda 1 800, ikaanguka, ikapanda.

«Vizuri,» muzee akasema, «tumerudi kwa ugonjwa wa kwanza.»

Akaeleza kwa nini inacheza vile. Hewa ya ziada inaingia mahali haipashwi kuingia, ile mafundi wanaita prizi dere. Kaptere inaona hewa ndani ya bomba, kompyuta inatuma mafuta ya kuifuata, moteri inapanda. Lakini kifuniko kimefunga, kwa hiyo kompyuta inafikiri gari inateremka mlima na mguu uko juu, inakata mafuta. Moteri inaanguka. Mafuta yanarudi, inapanda. Na taa haisemi kitu, maana tundu la hewa halina waya.

Alileta maji ya sabuni, akayamimina kidogo kidogo kwenye jwe na kwenye kila ncha ya tiyo huku moteri inazunguka. Pakivuja, maji yanaziba kwa dakika moja na sauti inabadilika. (Wapo wanaonyunyizia petroli kwa kazi hiyohiyo. Gari moja ikiungua watu wanasema ni uchawi.) Sauti haikubadilika popote. Akakamata tiyo ya plastiki, ncha moja kwenye sikio, nyingine akaipitisha chini ya papiyo, na hapo akainua kidole: kulikuwa na mluzi. Lakini chini pale ni giza, mkono haupiti, na jua lilikuwa limekwisha kuzama.

«Kesho uje na piesi ya zamani,» akasema. «Nataka kuziona zote mbili pamoja.»

Shofa akamwambia ukweli: piesi imepotea, na siku ya posho anaacha funguo.

Aliyeleta piesi ni yule kijana. Alikuja kwa shofa nyumbani saa 12 ya asubuhi ya siku ya tano, na mfuko wa muchele mkononi. Ndani, papiyo ya zamani ilikuwa imefungwa katika karatasi za kaye ya shule, imesafishwa kwa buroshi ya meno mpaka inang'aa. Hakuiuza. Aliipeleka kwao ili kuifungua usiku na kuelewa inavyofanya kazi, kwa maana kwa garaji patroni haruhusu wanafunzi kufungua vitu vyenye waya. Alipoulizwa mbele ya watu aliogopa, akasema neno la kwanza lililofika mdomoni. Alikuwa amechora kila tundu kwenye karatasi, na mishale ya kuonyesha hewa inapita wapi.

Shofa hakumgombeza, wala hakumpongeza. Alimpakia kwenye gari, wakaenda kwa muzee.

Muzee akaondoa papiyo mpya, akaziweka mbili juu ya meza. Kijana ndiye aliyeona kwanza. Ile ya zamani ilikuwa na midomo midogo miwili chini kwa ajili ya tiyo za hewa. Mpya ilikuwa na mitatu. Ilitengenezwa ili ikubali aina zaidi ya moja ya gari, na mdomo wa tatu ulipaswa kuzibwa kwa wale wasiouhitaji. Katika karatoni ulikuwa na kofia nyepesi ya plastiki, ile ya kuzuia vumbi tu. Joto na mtikisiko vikaila kwa siku mbili. Kofia ikaanguka njiani, na kuanzia hapo moteri ilikuwa inavuta hewa ya bure mchana na usiku. Piesi haikuwa mbovu. Haikuwa na karatasi ya kueleza, basi, na aliyeifunga hakuilinganisha na ya zamani mbele ya kuifunga.

Dawa ilikuwa kipande cha tiyo ya mpira chenye urefu wa kidole gumba, boliti fupi ndani yake na kolie ndogo ya kukaza. Muzee aliweka pia jwe mpya, akakwangua mabaki ya ile ya kwanza, akajaza maji ya radiatere na kuacha moteri izunguke kifuniko kikiwa wazi ili hewa iliyobaki katika tiyo za maji itoke. Kisha akawasha taa zote, vipangusio na honi pamoja. Sindano ilishuka kidogo, ikarudi yenyewe kwa 750, ikabaki hapo. Alidai dola 10. Shofa akasema wasingya, akaongeza mbili, akampa kijana na faranga za kahawa.

Siku ya posho shofa alipeleka kwa mama vitu vitatu: gari, feza ya siku mbili, na ule mfuko wa muchele. Mama aliwasha gari mwenyewe, akakaa ndani dakika nyingi bila kusema. Hakuomba radhi kwa kumdhania, naye shofa hakuombwa kueleza zaidi. Aliuliza tu kama mtoto aliyeitunza piesi amerudishwa kazini. Alikuwa bado. Patroni wa garaji ile anasema kuchukua bila kuuliza ni kuiba, hata ukirudisha, na kuna mafundi wengi wa Butembo wanaomuunga mkono. Kwa sasa kijana anakwenda kwa muzee siku tatu kwa juma, bila mshahara, ila anakula pale na anaruhusiwa kufungua.

Carina inaendelea kushuka asubuhi na mboga za kutoka Lubero na kupanda jioni na mafuta ya ngazi. Njia yenyewe ni mojawapo ya zile zilizowekwa katika mradi wa lami ambao marais wa Kongo na Uganda walizindua mpakani Kasindi na Mpondwe mwezi wa 6 mwaka 2021. Fundi wa Beni aliulizwa na shofa kuhusu chemba ya baisikeli. Alijibu kwamba gari ilitoka kwake ikizunguka 900, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Papiyo ya zamani mama alikataa iuzwe. Iko nyuma ya gari, karibu na gurudumu la akiba, ndani ya mfuko wake, pamoja na mchoro wa kijana.